Mizani ya Soko na Mizani ya Shule: Watoto wa Kiungani na Mbweni

Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, limesimama mahali palipokuwa soko la watumwa la Unguja. Jambo hilo tunalijua sote, na wageni wanaotembelea Mji Mkongwe huambiwa hilo kwanza kabla ya mengine. Lakini hatukumbuki sana kwamba soko lile lilikuwa pia mahali pa kupima watu. Mnunuzi hakuja na fedha tu, alikuja na macho. Alitazama meno, alibonyeza mikono, alimwamuru mtoto aende mbio hatua chache kisha arudi, apate kujua kama ni mzima wa miguu. Alipokwisha kukagua, bei ikatajwa. Mtoto akaondoka hapo akijua yeye ni kiasi gani, kwa hesabu ya dalali.

Soko hilo lilifungwa kwa mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, uliotiwa sahihi na Sultani Barghash kwa msukumo wa balozi wa Uingereza, John Kirk. Miaka 9 kabla ya hapo, katika mji huo huo, shule ndogo ilikwisha kuanza. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa watoto waliotolewa majahazini, shehena iliyokuwa ikipelekwa kuuzwa. Kwa hiyo walimu wa shule ile walikabiliwa na swali ambalo walimu wengi hawalipati kwa ukali namna ile: mtoto aliyekwisha kupimwa na mfanyabiashara, shuleni atapimwa kwa mizani gani?

Katika makala hii nataka tuitazame shule ile, namna ilivyojenga jumuiya, ilivyotunza afya ya mwili na ya roho, na ilivyopima maendeleo ya wanafunzi wake. Yako mambo ilifanya vema kuliko sisi. Liko pia jambo moja ambalo ndani yake mizani ya soko ilirudi kwa mlango wa nyuma.

Watoto watano

Misheni ya Vyuo Vikuu, ambayo wazee wetu waliiita UMCA, ilizaliwa baada ya hotuba ya David Livingstone huko Cambridge mwezi Desemba 1857. Safari yake ya kwanza, kwenda Magomero katika nchi ambayo leo ni Malawi, iliishia katika vita, njaa na homa. Askofu Charles Mackenzie alifariki mwaka 1862. Askofu aliyemfuata, William Tozer, aliamua kuanza upya Unguja. Alifika mwaka 1864 pamoja na Padre Edward Steere, wakapanga nyumba kubwa Shangani.

Walikuwa na nyumba, lakini hawakuwa na shule. Basi Sultani Majid akampa askofu watoto watano wa kiume waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Hao ndio wanafunzi wa kwanza. Mwaka uliofuata wakaja wengine, wasichana wakiwamo, na dada yake askofu, Helen Tozer, akawa mlezi wa wasichana hao.

Tufikiri kidogo hali ya watoto hawa. Hakuna mzazi aliyewaleta shuleni. Hakuna aliyechagua kusoma. Walikuwa wamepita mikono ya watekaji, ya wachukuzi wa njiani, ya manahodha, na sasa wamekabidhiwa kwa watu weupe wa ajabu ambao lugha yao hawaijui. Wengi waliamini kwamba hawa nao wamewachukua ili wawauze, au wawafanyie baya zaidi. Watu wa mjini waliwaita mateka, na jina hilo liliwafuata hata walipokuwa watu wazima wenye kazi na nyumba zao.

Nyumba kabla ya darasa

Kwa sababu hiyo shule haikuweza kuanza na ubao na chaki. Ilibidi ianze na chakula, nguo, mkeka wa kulalia na mtu wa kuketi na mgonjwa usiku. Baada ya muda wavulana walihamishiwa Kiungani, maili 2 hivi kusini ya mji, mahali palipokuja kuitwa Chuo cha Mtakatifu Andrea. Mwaka 1871 misheni ilinunua shamba la Mbweni, mbele zaidi kando ya bahari, na hapo ikajengwa shule ya wasichana, Mtakatifu Maria.

Mbweni haikuwa shule peke yake. Baada ya soko kufungwa, manowari za Waingereza ziliendelea kukamata majahazi, na watu wazima waliookolewa walihitaji mahali pa kukaa. Wakapewa viwanja katika shamba lile, wakajenga nyumba, wakalima, wakaoana. Kanisa lao, Mtakatifu Yohana, likawekwa wakfu mwaka 1882, nalo lipo mpaka leo. Basi msichana aliyesoma Mbweni alikuwa amezungukwa na kijiji kizima cha watu waliopita njia ile ile aliyopita yeye. Aliwaona wakifanya kazi yao wenyewe, wakizika wafu wao, wakibatiza watoto wao. Hakuna somo la darasani ambalo lingeweza kumfundisha jambo hilo.

Afya ilikuwa vita vya kila siku. Kipindupindu kiliingia Unguja mwishoni mwa mwaka 1869 na kuua maelfu ya watu. Mwezi Aprili 1872 kimbunga kikaangusha mikarafuu na minazi na kubomoa majengo, ya misheni yakiwamo. Walimu kutoka Uingereza walikufa kwa homa mmoja baada ya mwingine, na watoto waliokwisha kupoteza wazazi mara moja waliwapoteza walezi tena. John Swedi na George Farajallah, vijana wa mwanzo wa shule ile, walifanywa mashemasi wadogo mwaka 1870, na muda mfupi baadaye Farajallah akafa kwa kipindupindu. Shule iliyozoea misiba namna hiyo ilijifunza kwamba kumtunza mtoto ni kuwapo. Caroline Thackeray alifika Mbweni mwaka 1877, akawa mwalimu mkuu kwa miaka 25. Alipostaafu mwaka 1902 hakurudi kwao. Alibaki Mbweni mpaka alipofariki mwaka 1926. Msichana aliyempokea akiwa mdogo aliweza kumletea mjukuu amwone.

Mtoto anajulikana kwa habari yake

Watoto wale walitoka makabila mengi, Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo, na mwanzoni hawakusikilizana hata wao kwa wao. Lugha iliyowaunganisha ni Kiswahili. Steere, aliyekuwa askofu kuanzia 1874, alishikilia kwamba wafundishwe kwa lugha hiyo, na yeye mwenyewe aliketi na watu wa Unguja kujifunza hadithi na misemo yao. Kitabu chake cha sarufi na kile cha hadithi vyote vilitoka mwaka 1870. Wavulana walijifunza kupanga herufi na kuendesha mtambo wa kupigia chapa, na sehemu ya Maandiko na vitabu vya sala ambavyo wazee wetu walisoma ilipita katika vidole vya vijana waliokuwa wametekwa. Owen Makanyassa, mmoja wao, alifika kuwa mkuu wa kiwanda cha chapa.

Lakini jambo kubwa zaidi kwangu ni hili. Mwaka 1887 kilitolewa kitabu kiitwacho kwa jina la Kiungani, kilichohaririwa na A. C. Madan, mwalimu na mtaalamu wa Kiswahili. Ndani yake mna masimulizi ya wavulana wa shule: kwao wapi, walitekwaje, waliuzwa mara ngapi, waliokolewaje. Waliandika wenyewe, kisha maneno yao yakafasiriwa kwa Kiingereza.

Mtu anaweza kusema kwamba misheni ilitaka habari za kuwaonyesha wafadhili huko Ulaya. Ni kweli, kitabu kilisaidia kuchangisha fedha. Hata hivyo tuangalie kazi iliyofanyika pale mezani. Mwalimu alimwambia mtoto: andika habari yako. Mtoto ambaye dalali alimtaja kwa bei tu, sasa anataja jina la baba yake, mto wa kijijini kwao, siku aliyotenganishwa na mama yake. Mwalimu aliyesoma ukurasa huo hakuweza tena kumwona mwanafunzi kama namba katika daftari la mahudhurio. Alijua kwa nini huyu anaamka usiku akipiga kelele, na kwa nini yule haachi kuficha chakula chini ya mkeka.

Kuanzia mwaka 1888 Kiungani ikawa na gazeti lake, Msimulizi. Lilipeleka habari kwa wanafunzi wa zamani waliotawanyika Bara: nani ameoa, nani amefiwa, nani amehamishiwa kituo kipi, mpira ulichezwaje. Hao nao walijibu kwa barua. Hivyo watu wasiokuwa na ukoo wakajipatia ukoo wa karatasi, wakaulizana hali kama ndugu wanavyoulizana.

Kupimwa

Sasa tufike kwenye mizani yenyewe.

Katika mambo ya imani shule ile haikupima kwa haraka. Mtoto au mtu mzima alianza kuwa msikilizaji, kisha mkatekumeni, kisha akabatizwa, kisha akapewa kipaimara na kukaribia Meza ya Bwana. Kila hatua ilichukua muda, na kilichoangaliwa hakikuwa maneno ya katekisimu peke yake. Watu walioishi naye waliulizwa: anakaaje na wenzake? Amesamehe? Anasema kweli? Jumuiya nzima ilikuwa shahidi wake.

Mfano wa kupima namna hii haukuwa mgeni Unguja. Jirani zetu Waislamu walikuwa na vyuo vyao tangu zamani, na katika chuo kila mtoto alisoma juzuu yake mbele ya mwalimu kwa mwendo wake. Hakuna aliyeambiwa ameshindwa kwa sababu mwenzake ametangulia. Alipohitimu, jamaa walifurahi pamoja naye. Wamisionari hawakupenda kukiri kwamba wamejifunza kitu huko, lakini watoto wao waliishi katika mji uliolea hivyo.

Katika mambo ya darasa ilikuwa vingine. Wavulana walioonekana wepesi wa akili walibaki Kiungani, wakaandaliwa kuwa wasomaji, walimu na makasisi. Walioonekana wazito walitengwa, wakapelekwa kujifunza useremala, uashi na kazi nyingine za mikono. Mbweni ikawa vivyo hivyo. Wasichana waliofanya vizuri katika masomo waliandaliwa kuwa walimu na wake wa walimu. Wengine waliwekwa upande wa kazi: kupika, kufua, kushona, kusuka ukili. Wote waliishi shamba moja na kusali kanisa moja, lakini kila mmoja alijua yuko upande gani.

Kazi ya mikono si aibu. Bwana wetu alikulia katika nyumba ya seremala. Ubaya ulikuwa katika maana iliyowekwa juu ya kazi hiyo, kwamba hapa ndipo wanapopelekwa wasiofaa kwa jambo bora. Mtoto aliyepimwa sokoni kwa nguvu za mwili wake na kuambiwa anafaa kwa kazi, alifika shuleni, akapimwa tena, akaambiwa neno lile lile. Hakupigwa mnada. Alitendewa kwa upole na kulishwa vizuri, lakini ndani ya moyo wake majibu mawili yalifanana. Na msichana alipimwa mara mbili, kwanza kwa masomo yake, kisha kwa kuangaliwa kama atamfaa mwalimu fulani awe mke wake.

Hapa ndipo nilipomaanisha kwamba mizani ya soko ilirudi kwa mlango wa nyuma. Haikurudi kwa ukatili. Ilirudi kwa sababu watu wema walikuwa na shida ya kweli: misheni ilihitaji walimu upesi, fedha zilikuwa kidogo, na watoto walikuwa wengi. Shule ikaanza kuuliza, huyu atatufaa kwa nini? Swali hilo si baya lenyewe, lakini likitangulia mengine yote, mtoto anageuka kuwa chombo.

Historia yenyewe iliisahihisha hukumu ile. Mwaka 1876 Steere aliongoza kikundi cha watu wa Mbweni kurudi Bara, kuelekea kwao upande wa Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi waliona pananfaa, wakakaa. Kanisa la Masasi lilianzia kwa hao, wakulima na wajenzi na mama wa nyumba, ambao wengi wao hawakuwahi kuitwa wanafunzi hodari. Na Kanisa Kuu letu, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Krismasi 1873, lilijengwa kwa mikono ya watu waliofunzwa uashi hapa hapa. Waongoza wageni husimulia kwamba nguzo kadhaa karibu na mlango wa magharibi zilisimamishwa juu chini na mafundi wakati askofu hayupo, naye aliporudi akaziacha zilivyo. Nguzo hizo zipo hadi leo.

Kwa upande mwingine tumkumbuke Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao, alitekwa utotoni, akasoma Kiungani, akamwoa Lucy Magombeani aliyelelewa Mbweni. Mwaka 1890 akawa padre, Mwafrika wa kwanza kupewa upadre katika misheni hiyo. Alihudumu miaka mingi Chitangali, katika nchi ya Wayao, mbali na msimamizi yeyote wa Kizungu, na kanisa likakua mikononi mwake. Hakuna dalali ambaye angemtazama mtoto yule jahazini akaona padre. Ilihitajika nyumba iliyomlea kwanza na kumjua kwanza, ndipo kipawa chake kikaonekana.

Yaliyotufikia

Shule hizi hazipo tena kama zilivyokuwa. Chuo cha Kiungani kilihamishiwa Minaki, karibu na Dar es Salaam, katika miaka ya 1920. Majengo ya shule ya wasichana Mbweni ni magofu, mizizi ya miti imepasua kuta. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ilitwaa shule za binafsi na za dini visiwani, na elimu ikawa ya watoto wote bila kubagua. Ni jambo la haki, nasi tumshukuru Mungu kwa ajili yake.

Hata hivyo swali la Kiungani na Mbweni limebaki nyumbani mwetu. Kila mwaka matokeo ya mitihani yanapotoka, yapo majina yanayotajwa kwa vigelegele, na yapo majina ambayo nyumba nzima inayanyamazia. Mtoto wa miaka 13 anasikia ukimya ule. Anauelewa haraka kuliko tunavyofikiri. Tunasema tunampenda, na ni kweli, lakini siku hiyo uso wetu umetaja bei.

Tukumbuke mfano wa talanta, ambao tunauhubiri mara nyingi kwa kumtisha yule aliyefukia. Tuutazame upande wa wale wawili wengine. Mmoja alipewa tano, mwingine mbili, kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake. Walirudi na faida zisizo sawa. Lakini sifa waliyopewa na bwana wao ni ile ile, neno kwa neno, na mlango wa furaha waliofunguliwa ni mmoja. Bwana yule alijua tofauti ya kumi na nne, ila hakuifanya kuwa tofauti ya thamani.

Mitihani itaendelea kuwapo, na lazima iwepo. Mgonjwa anataka daktari aliyefaulu. Tunachoweza kubadili ni kinachotangulia mtihani na kinachoufuata. Shule ya Jumapili na madarasa ya kipaimara viko mikononi mwetu, na hakuna wizara inayotuamuru tuyaendesheje. Mwalimu wa kipaimara anaweza kuanza mwaka kwa kumwomba kila mtoto aandike au asimulie habari yake: anaishi na nani, anaogopa nini, nani amekufa nyumbani kwao. Baraza la wazee linaweza kuchagua watu wa kumtembelea mtoto aliyefeli katika juma lile lile, kama tunavyokwenda kwenye msiba. Fundi seremala, mshonaji na mvuvi wa usharika wanaweza kuitwa mbele ya watoto kama walimu, siyo kama mfano wa mahali pa kuishia. Na tunapomwombea mtoto aliyefaulu mbele ya kanisa, tuwaite na wenzake wote wa darasa lake wasimame naye.

Watu wa Mbweni walifanya mengi ya hayo bila vitabu vya malezi. Walikosea pale walipoharakisha kugawa. Sisi tunaosali juu ya ardhi ile ile ambapo watoto walikaguliwa meno tuna sababu kuliko wengine ya kuwa waangalifu na mizani tunayoishika. Tumwulize kila mtoto jina lake na habari yake kabla ya kumwuliza alama zake.